Dhahabu ya Australia na maji ya Shela: nawajibu mnaoniuliza

Assalamu alaikum, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wa Lamu, na nyote mnaonitazama kutoka Malindi. Tangu nilipoweka video ya treni ya madini, swali limekuwa moja: ikiwa nchi hiyo ina chuma cha kujaza treni yenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, na dhahabu juu yake, mbona wewe bado unapanga chumba? Nimelikalia swali hili miezi kadhaa, maana nikijibu hivi nitaambiwa najigamba, na nikijibu vile nitaambiwa nimekufuru neema. Leo nalijibu.

Mimi ni mpishi katika kambi ya wachimbaji huko Pilbara, kaskazini-magharibi mwa Australia. Napika wiki mbili, kisha narudi Perth wiki moja. Miamba ya huko ina matabaka ya chuma yaliyotuama chini ya bahari ya kale miaka kama bilioni 2.5 iliyopita, na vumbi lake jekundu huingia hadi ndani ya mshono wa shati, hata maji ya kufulia yanatoka na rangi ya kutu mara ya tatu na ya nne. Lakini chuma kile ni mali ya serikali ya jimbo, kampuni hukichimba kwa leseni na kulipia mrabaha, na mpishi hulipwa mshahara wa mpishi. Kwetu Kenya pia madini yaliyo chini ya shamba la babu yako si ya babu yako.

Na hata huo mshahara sikuupata kwa urahisi. Nilitakiwa cheti cha mwenendo mwema, cha afya na cha usalama kazini, na kila kimoja kina ada yake. Jina la babu yangu limeandikwa Athman katika cheti cha kuzaliwa na Athumani katika pasipoti, na kwa sababu ya herufi hizo mbili nililipa mara mbili, nikasubiri wiki kumi na moja bila kazi huku kodi ya chumba ikihesabika. Karani aliyenihudumia hakuniinulia hata macho. Jambo hilo bado linaniuma, na silisemi ili nionewe huruma. Nalisema kwa sababu kuna wanaouza viwanja vya urithi wakidhani huku mtu hushuka uwanja wa ndege akaokota dhahabu.

Yale ya kangaruu mliyajua shuleni, nayaruka. Lisilosemwa sana ni kwamba Australia ni bara tambarare kuliko yote na, ukiondoa Antaktika, ndilo kavu kuliko yote. Kilele chake kirefu zaidi katika nchi kavu ya bara hilo, Mlima Kosciuszko, kina mita 2,228, hakifiki nusu ya Mlima Kenya. Milima mirefu ya kuzuia mawingu haipo, na katikati ya bara hewa kavu hushuka badala ya kupanda, kwa hiyo mvua ni haba na watu wengi wamejikusanya pembezoni, karibu na bahari. Huku kinachoamua mtu akae wapi ni maji, dhahabu hufuata nyuma.

Mji wa Kalgoorlie ndio ulionifunza hilo. Dhahabu ilipatikana pale mwaka 1893, watu wakamiminika jangwani, na wakajikuta wananunua maji yaliyopatikana kwa kuchemsha maji ya chumvi na kunasa mvuke wake, huku homa ya matumbo ikiwaua. Mhandisi C. Y. O'Connor alibuni bomba la zaidi ya kilomita 500 kutoka Mundaring, karibu na Perth, lenye vituo vinane vya kusukuma maji. Maji yalifika Januari 1903. Yeye alikuwa amefariki Machi 1902. Fedha nyingi zilizikwa ardhini ili dhahabu iweze kuchimbwa.

Perth nako nilipofika nilishangaa, kwa maana sehemu kubwa ya maji yake imetoka chini ya mchanga wa pwani, kama yetu. Mvua za kusini-magharibi zimepungua tangu miaka ya 1970, maji ya chini yakashuka, na tangu 2006 wanasafisha maji ya bahari huko Kwinana kwa mitambo ya gharama kubwa, gharama ninayoiona katika ankara yangu.

Sasa nirudi Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, kwani hapa ndipo moyo wangu ulipo. Maji tamu tunayokunywa mjini Lamu hutoka chini ya vile vilima vya mchanga. Mvua hupenya mchangani, na kwa kuwa maji tamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake. Kwa kawaida, kila mita 1 ya maji tamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban mita 40 chini yake. Mkivuta hiyo mita moja ya juu, chumvi hupanda kutoka chini mara nyingi zaidi ya mlivyovuta. Nilipokuwa mdogo nyanya alinikataza kutumbukiza ndoo kwa nguvu kisimani, akisema maji yashikwe kwa adabu, na mimi nilidhani ni desturi tu.

Mwezi uliopita binamu yangu alinitumia picha ya kiwanja juu ya vilima hivyo, nikinunue kabla hakijapanda bei. Nimekataa, kwani vilima hivyo ndivyo vinavyotuhifadhia maji, na amekasirika. Hayo ni uamuzi wangu mimi, kwa hali yangu na mfuko wangu. Mwenye safari au kiwanja chake ashauriane na watu wake, nisije nikafanywa mufti. Ila fedha hiyo nimemwambia nitaitoa kwa kujenga birika la kuvuna mvua nyumbani kwa mama, na kwa hilo sitarudi nyuma.

Nina ombi moja. Anayepita karibu na kisima cha nyanya, kile chenye ukingo wa mawe ya matumbawe nyuma ya msikiti, achote kikombe asubuhi kabla punda hawajaja, aonje, kisha aniambie kama kimeanza kuwa na chumvi.