Usiuchague Mche kwa Rangi ya Siku Moja

Ndugu mwenyekiti, wazalishaji wenzangu, na nyote mliofika, asanteni. Kwenye ratiba nimeandikiwa nizungumzie namna ya kupandanisha mimea ya mapambo inayodumu miaka mingi, hasa ile tunayoipendea majani yake yanayobadilika rangi kwa majira. Walionisikia zamani wanajua nitaishia wapi, na naona pale nyuma kuna mtu ameshaanza kucheka. Cheka tu, ndugu yangu. Nitaacha kuyasema haya siku nitakapozunguka vitalu nisikute mche uliopewa jina kabla haujamaliza hata mwaka mmoja ardhini.

Kupandanisha kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Chukueni Heuchera, mmea mdogo wa bustani unaopendwa kwa majani yake ya rangi, ninaoushika kila siku. Ua lake ni kengele ndogo ya milimita chache tu, lenye stameni 5, yaani sehemu za kiume zinazobeba chavua. Unaliwahi kabla halijafunguka, unazing'oa stameni zote kwa koleo jembamba chavua ikiwa bado haijamwagika, unaiacha pistili, sehemu ya kike, peke yake. Stigma, ncha ya pistili, ikianza kunata unaipaka chavua ya baba. Unafunga kijikaratasi chenye majina ya wazazi, la mama likitangulia, kisha unafunika kwa kitambaa chepesi nyuki asije akaongeza la kwake. Mbegu zikikomaa ni vumbi jeusi. Msizifukie, zinataka mwanga ndipo ziote. Basi. Mtoto wa shule anaweza, na wapo wanaofanya vizuri kuliko sisi kwa sababu mikono yao haitetemeki.

Shida inaanza trei ikishajaa. Wazazi wawili wa Heuchera, hasa wakiwa wenyewe ni machotara, watakupa watoto ambao hakuna hata wawili waliolingana. Huyu ana jani la fedha, huyu la shaba, huyu wa kijani mtupu, huyu mwekundu kama anakuita. Mikono yote inakwenda kwa mwekundu. Nimeona watu wenye shahada zao wakifanya hivyo, na nimeona majirani waliokuja kuazima jembe wakifanya vilevile.

Kitaluni kwangu nina mchezo. Wageni wakija majira ya kuchipua nampa kila mmoja vijiti vichache, namwambia: chomeka kando ya mche ambao ungeupa jina. Hawachukui muda. Vijiti vinarundikana penye miche ileile, yenye majani machanga mekundu yanayong'aa. Nawaomba warudi majira ya kupukutika majani. Wanaorudi wanakuta vijiti vyao vimesimama kando ya vichaka vya kijani kilichochakaa, kingo zimekauka. Hatua mbili kutoka hapo kuna mche ambao hakuna aliyeugusa: juu jani limekuwa la shaba, mishipa imebaki kijani, na ukiligeuza, chini ni zambarau iliyokolea mpaka kwenye kikonyo. Kuna mama mmoja alinishtaki mbele ya wenzake kwamba nimehamisha vijiti usiku. Sikuhamisha, mama, kama uko humu ndani. Uliuchagua mwenyewe.

Kwa nini inakuwa hivyo? Nyekundu ya majira ya kuchipua na nyekundu ya mapukutiko zinatokana na kundi moja la rangi, anthosayanini, lakini mmea unazitengeneza kwa hali mbili tofauti. Jani changa linazitengeneza likiwa bado laini, mitambo yake ya kutumia mwanga haijakamilika, na rangi ile inalikinga na jua kali. Klorofili, rangi ya kijani inayonasa mwanga, ikishajaa, jani linakuwa kijani na wekundu unafifia. Mapukutikoni mambo yanageuka. Mmea unavunja klorofili na kuirudisha naitrojeni kwenye shina na mizizi kabla ya baridi. Kijani kikiondoka, manjano ya karotenoidi iliyokuwamo siku zote ndiyo inaonekana. Nyekundu, kwa sehemu kubwa, inatengenezwa upya wakati huo, sukari ikiwa nyingi ndani ya jani, mchana una jua na usiku una ubaridi. Kwa hiyo mche unaoweza ile ya kwanza si lazima uweze hii ya pili. Na mche uleule unaweza kuwaka mwaka huu, mwaka ujao ukapooza kwa sababu mapukutiko yalikuwa ya mawingu na joto. Sasa wewe uliyeuona asubuhi moja ya mwezi wa nne unatuambia umepata aina mpya?

Halafu kuna jambo linaloniudhi zaidi. Baadhi ya ile miche mekundu kabisa kwenye trei ni migonjwa. Mmea ukikosa fosforasi majani yake yanageuka zambarau. Mizizi ikizama majini, au ikijizungusha ndani ya chungu mpaka ikakosa pa kwenda, sukari inakwama juu na wekundu unakolea. Mabuu ya fukusi wakikata mizizi ya Heuchera, kwa muda mmea unaweza kupendeza kuliko wenzake wote. Mnaushangilia ukiwa njiani kufa! Kabla hujapenda rangi, kitoe kile chungu, tazama mizizi. Ikiwa ya kahawia na imelegea, rangi ile haina habari yoyote ya kukupa kuhusu jeni.

Upande wa pili upo pia. Mche uliokuzwa ndani ya nyumba ya kioo na kulishwa naitrojeni kila wiki unapoa, unakuwa kijani na mnene. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno ya aina ya UV-B, ambayo ni mojawapo ya vichocheo vya anthosayanini. Ukiutoa nje, majani mapya yanakuja na rangi ambayo hukuijua. Kwa hiyo ukiuchagulia ndani unaweza kukosea kwa njia zote mbili: unamwacha mzuri na unambeba mbaya.

Dawa yake haina siri. Mche ukikuvutia, ugawanye. Heuchera inagawanyika kirahisi, kila kipande na mizizi yake. Kipande kimoja juani, kimoja kivulini, kimoja kwenye udongo mbaya ulio nao, ule unaouonea aibu. Viache nje mwaka mzima, halafu mwaka mwingine, halafu mwingine. Kila mwezi mpige picha jani lilelile la katikati, mwangaza uleule, na muandike. Rangi inayojitokeza kwenye vipande vyote vitatu, miaka yote mitatu, hiyo ndiyo ya mmea. Nyingine ni ya hali ya hewa na mbolea yako.

Najua swali linalokuja, naliona usoni kwa mzee pale mbele. Mteja ananunua majira ya kuchipua, mmea ukiwa kwenye chungu, kwa hiyo tumchagulie anachokiona siku ile. Jibu langu ni Amsonia hubrichtii. Mmea huu wa porini wa Arkansas na Oklahoma ukiuona mchanga kwenye chungu utauhurumia: vijiti vyembamba, majani kama nyuzi, mauaua ya buluu hafifu yanayopita upesi. Unahitaji miaka michache ardhini kabla haujajaza nafasi yake. Lakini ukishajaa, mapukutikoni kichaka kizima kinakuwa dhahabu. Mwaka 2011 Perennial Plant Association, chama cha Marekani cha mimea inayodumu miaka mingi, kiliuteua kuwa mmea wa mwaka. Kwa kipimo cha chungu na wiki moja, ungekuwa kwenye rundo la mboji. Mteja hununua chungu, sawa, lakini anaishi na kichaka, na akirudi dukani mwaka unaofuata anarudi na kumbukumbu ya kichaka.

Nisiondoke kwenye Heuchera bila kusema habari ya 'Palace Purple', hata kama nimeisema kila mahali. Ilitokea bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, ikasifiwa kwa majani yake ya zambarau, na mwaka 1991 chama kilekile kikaiteua mmea wa mwaka. Ilistahili. Tatizo likawa kwamba watu walianza kuizalisha kwa mbegu. Mbegu za mmea kama ule hazirudishi mama. Miche ikatoka ya zambarau, ya shaba, mingine kijani kilichochafuka, na badala ya mtu kukaa chini akachambua, yote ikabandikwa jina moja ikauzwa. Matokeo yake, wawili wanaweza kubishana kuhusu 'Palace Purple' na kila mmoja akawa ana mmea mwingine bustanini. Ukishachagua, zidisha kwa kugawanya au kwa tishu maabara. Na hata maabara, kagua miche yote ikitoka, kwa sababu mabadiliko hujitokeza humo pia. Hosta, mmea mwingine wa majani ya mapambo, ina aina iitwayo 'June' iliyopatikana hivyo hivyo, ikiwa badiliko la aina nyingine, 'Halcyon'. Aliyekuwa na macho aliliona.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nitakimbia.

Mistari na mabaka meupe. Hilo ni somo jingine, na sheria za Mendel za kurithi tabia mlizosoma shuleni hazitawafaa sana hapo. Tangu 1909 wanasayansi Correns na Baur walionyesha kwamba rangi ya aina hii inaweza kurithiwa kupitia plastidi, vijisehemu vya seli vinavyobeba klorofili, zilizo nje ya kiini cha seli. Kwa Hosta, plastidi zinatoka kwa mama. Ukitaka miche yenye mistari, mama ndiye awe na mistari. Baba akiwa nayo haikusaidii. Miche iliyo myeupe mitupu itakufa, haina klorofili, msihangaike kuibembeleza. Na mmea wenye tabaka mbili za rangi ukiuzidisha kwa vipande vya mizizi, mara nyingi utapata kijani kitupu, kwa kuwa chipukizi linatoka tabaka la ndani.

Kustahimili joto na unyevu: tumieni spishi ya Heuchera villosa kama mzazi. Nilikuwa na picha, tuziache.

Haki za mgunduzi wa aina mpya. Wengi mmekuja kwa ajili ya hili, na mimi nimelibakizia dakika mbili, mtanisamehe. Mkataba wa UPOV, mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, uliotiwa saini mara ya kwanza mwaka 1961, unataka aina iwe tofauti na zinazojulikana, mimea yake ifanane, na ibaki vilevile ikizidishwa. Ulinzi kwa mimea yetu hii haupungui miaka 20, kwa miti na mizabibu 25. Marekani wana pia hataza ya mimea tangu 1930, kwa inayozidishwa bila mbegu. Ila shikeni hili moja: aina ikishauzwa nchini unakoomba kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla hujapeleka maombi, inahesabiwa si mpya tena. Huyo aliyekimbilia sokoni na mche wa miezi sita, akagundua mwaka wa pili kwamba kumbe ule wa jirani kwenye trei ndio ulikuwa bora, angalau huo wa pili hajauuza. Ule wa kwanza saa yake inahesabu.

Kutu ya majani sikuifikia. Atakayeiuliza kwenye maswali atakuwa amenisaidia. Karibuni.