Ramani ikifunguka vibaya usiivute kwa jicho (mazungumzo na vijana wachoraji, Unguja)

Asalaam aleikum jamani, karibuni, mliosimama huko nyuma njooni mbele viti vipo. Leo nataka tuzungumze jambo moja tu, mtu kakutumia ramani ya nyumba, yeye kachora kwa programu ya AutoCAD na wewe una ArchiCAD au SketchUp au hizi za bure kina LibreCAD na FreeCAD, ukifungua unaona vioja, na neno la kwanza linalokutoka ni "faili bovu hili". Mimi nakwambieni mara nyingi faili ni zima kabisa, programu yako ndo imelisoma inavyojua yenyewe, kwa hiyo kwanza lichunguze ndo uliguse.

Tuanze na vipimo mana hapa ndo watu wanaumia. Ndani ya DWG au DXF, yaani aina za mafaili ya ramani hizi, mstari umeandikwa namba tupu, 900, basi, haujasema milimita wala inchi. Kuna pahala pengine kwenye faili hilohilo panaitwa INSUNITS ndo panasema namba hizo ni za nini, 1 ni inchi, 4 ni milimita, 6 ni mita, na 0 ni kwamba mchoraji hakusema chochote. Ikiwa 0 programu inayopokea inabahatisha, na ikibahatisha inchi mlango wako wa milimita 900 unakuwa wa mita 22.86, jahazi linapita hapo na tanga lake.

Sasa wengi wanafanyaje, anashika SCALE, amri ya kukuza na kupunguza, anaivuta kwa jicho mpaka anaona imekaa. Nakuombeni sana hilo tuliache, mana ramani hiyo itakwenda kwa fundi, fundi atachimba msingi kwa kipimo hicho, na pesa ya watu itaingia humo. Chukua kitu kimoja unachokijua urefu wake wa kweli, kipime kwa DIST, amri ya kupima urefu, kisha ugawe namba kubwa kwa ndogo. Ukipata 25.4 ni inchi na milimita zimechanganyika, ukipata 1000 ni mita na milimita. Ukipata namba haina kichwa wala miguu, tuseme 24.7, basi ujue kuna mtu keshaivuta kwa jicho kabla yako, hapo usihangaike, omba faili la asili. Na usiamini maandishi ya kipimo yaliyo juu ya ramani, mchoraji anaweza kuyachapa mwenyewe, yakasema 3000 na mstari wenyewe si 3000.

Wanaochora nyumba za Mji Mkongwe wawe waangalifu zaidi, kuta zile za mawe na chokaa hazikai sawa, hata milango hailingani, kwa hiyo muombe aliyepima akupe urefu mmoja aliouchukua kwa futi kamba. Na boriti za mikoko zinakusaidia, hazivuki mbali, vyumba vyake ni vyembamba, upana wa mita 3 hivi, ukiona chumba kina mita 8 baina ya kuta zinazobeba boriti, simama kwanza.

La pili ni ramani ya mpimaji ardhi. Yeye anachora kwa mita kwenye UTM, mfumo wa kutaja mahali duniani kwa mita, kanda ya 37 kusini, hapa mjini namba zake ni kama 521,000 mashariki na 9,318,000 kaskazini. Ukiipeleka hivyohivyo kwenye SketchUp mistari inatetemeka, nyuso hazifungi, mana iko mbali mno na sifuri. Na pengine hata huioni, kuna kijistari kimesahaulika pale 0,0 kwa hiyo ukitaka uone yote kiwanja kinakuwa nukta. Futa kijistari, tengeneza kopi, isogeze karibu na sifuri, na andika umeisogeza kiasi gani, andika kwenye ramani yenyewe sio kwenye kikaratasi, siku ya kurudisha kwenye mipaka utaihitaji.

Faili likikataa kabisa kufunguka, fungua kopi yake kwa Notepad uangalie herufi sita za mwanzo, AC1032 ni muundo wa 2018, AC1027 wa 2013, AC1015 wa 2000. Usisevu humo! Ukijua mwambie mwenzio aseve muundo wa zamani au DXF, LibreCAD inapenda DXF zaidi. Ramani ikija nusu, nusu nyengine imebaki kwenye laptopu yake, ni mafaili aliyoyaunganisha kutoka nje, aitume kwa ETRANSMIT, amri ya AutoCAD inayokusanya yote.

Kuna dada katoka Wete anauliza, maandishi yote yamekuja alama za kuuliza afanyeje. Dada yangu, hapo mara nyingi fonti ya SHX (aina ya fonti za AutoCAD) aliyotumia mchoraji kwako haipo, muombe akutumie hiyo fonti, au weka mbadala lakini pitia maandishi yote mana upana unabadilika yanapandana. Na muombe na PDF, kila mara, hata faili likifunguka vizuri, ufungue vyote viwili ulinganishe chumba kwa chumba, hapo ndo utajua alichokiona yeye ndo unachokiona wewe. Haya, kaka pale dirishani, uliza.