Kaunta ya Pili Ilikuwa Inafanya Kazi

MBWANA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunarekodia Ngamiani, Tanga, mkisikia bajaji zinapita msishangae. Dada Mwanaidi, kuna duka la vipuri, jina tuliache, juzi lilikuita kwa dharura.

MWANAIDI: Saa moja asubuhi, kaka Mbwana! Hata chai sijagusa. Kijana wa kaunta ya kwanza ananipigia: "Dada, majedwali yote yamefutika." Nikamuuliza, kwenye kompyuta zote au kwako tu? Akaenda kuangalia. Kwa mhasibu yanafunguka, na kaunta ya pili yanafunguka. Kwake ndiyo yanagoma.

MBWANA: Basi hayajafutika.

MWANAIDI: Hata moja. Ile ni Microsoft Access, programu ya hifadhidata ya kutunza kumbukumbu za duka, iliyogawanywa mafaili mawili. Faili la nyuma, lenye data zenyewe, linakaa kwenye kompyuta ya mhasibu. Faili la mbele lina fomu na ripoti, na kila kaunta ina nakala yake. Yale majedwali unayoyaona mbele, yenye kimshale pembeni, ni viungo. Kila kiungo kimeandikiwa njia ya kufikia faili la nyuma.

MBWANA: Mtu kahamia Raskazone, wewe unabisha hodi Chumbageni.

MWANAIDI: Ndiyo hiyo. Viungo vilikuwa vinapita diski ya mtandao waliyoipa herufi Z, yaani njia ya mkato ya kufikia folda ya mhasibu. Jumamosi fundi alikuja kupiga Windows upya kaunta zote mbili, akaondoka bila kuirudisha Z. Access ikasema njia si sahihi, kijana akasoma msiba.

MBWANA: Ngoja kwanza. Zote mbili zimepigwa Windows, na Z haipo kote. Kaunta ya pili inafunguaje?

MWANAIDI: Swali hilo lilinijia nikiwa kwenye bodaboda! Nikafika, nikaweka kishale cha mausi juu ya kiungo kimoja cha kaunta ya pili, njia ikajitokeza. Haielekei kwa mhasibu. Inaelekea humo humo, kwenye deskitopu. Yule kijana wa pili ni mjanja: Jumatatu alichukua nakala ya akiba ya faili la nyuma kwenye flashi, akaibandika hapo, akaunganisha, akaendelea kuuza.

MBWANA: Lahaula! Na siku uliyoitwa ni lini?

MWANAIDI: Jumatano. Siku mbili anauza kwenye daftari lake, mhasibu ana lake. Namba za risiti zinajitoa zenyewe, kwa hiyo namba moja kwa mhasibu ni pleti za klachi, kwake ni taa ya pikipiki. Huwezi kulichukua faili moja ukalilaza juu ya jingine, utafuta mauzo ya mwenzake. Nikasimamisha kazi, nikahifadhi nakala za mafaili yote mawili, tukaingiza risiti zake kwa mhasibu moja moja, kwa namba mpya, ile ya zamani tukaiandika kwenye maelezo. Mpaka alasiri.

MBWANA: Na kuunganisha kwenyewe?

MWANAIDI: Dakika tano. Unafungua kidhibiti cha majedwali yaliyounganishwa, kiko kwenye kichupo cha data za nje, unachagua yote, unaonyesha faili lilipo. Ila safari hii sikutumia Z. Nimeandika mikwaju miwili ya kinyume, ile alama ya \\, jina la kompyuta ya mhasibu, kisha folda. Namba ya IP, yaani anwani ya kompyuta kwenye mtandao, pia nimeikwepa, maana ruta ikizimwa na kuwashwa inaweza kugawa nyingine.

MBWANA: Mimi ningefuta viungo vyote nianze upya.

MWANAIDI: Kufuta kiungo hakugusi data. Lakini tazama kimshale kwanza, kaka. Jedwali lisilo nacho ukilifuta, umefuta data kweli.

MBWANA: Na njia ikiwa sahihi, bado inagoma?

MWANAIDI: Fungua folda ile ukiwa kaunta, jaribu kuunda faili tupu ndani. Ikikataa, tatizo ni ruhusa. Access hutengeneza kifaili cha kufuli, cha kufuatilia nani analitumia faili, chenye laccdb mwishoni, humo humo kwenye folda, kwa hiyo kusoma peke yake hakutoshi.

MBWANA: Yule mjanja alisemaje?

MWANAIDI: Kaniletea machungwa ya Muheza. Nimeyala.

MBWANA: Na fundi wa Jumamosi?

MWANAIDI: Hapatikani kwenye simu.