Kitunguu Saumu, Mchele Mwekundu na Kidonge cha Kolesteroli

Mhadhara wa mfamasia kwa kikundi cha wastaafu, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, kina baba, na vijana mliowasindikiza wazazi wenu, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie kolesteroli, au lehemu, au mafuta kwenye damu kama wengi mnavyosema mkija dirishani. Karibu kila wiki mtu ananiwekea kasha la vidonge mezani na kuniambia: "Daktari kaniandikia hizi, lakini mimi sitaki kemikali. Nipe kitu cha asili." Namheshimu anayeuliza hivyo, kwa sababu anajali mwili wake. Ila leo nataka kuwaomba tuuweke ugomvi wa asili na kiwanda pembeni. Kwa kila kitu unachokusudia kumeza uulize mambo mawili: ndani yake mna nini na kiasi gani? Na je, kuna watu waliokitumia, wakafuatiliwa, wakaonekana kweli wanapata mshtuko wa moyo au kiharusi kwa uchache zaidi? Nitawaonesha kwa nini maswali haya mawili yanatosha.

Tuanzie kwenye ini. Kolesteroli nyingi mwilini mwako hukuila; ini lako na viungo vingine vimeitengeneza. Mwili unaihitaji kujengea kuta za seli na kutengenezea homoni. Tatizo ni ile inayosafirishwa na chembechembe ziitwazo LDL. Zikizidi kwenye damu kwa miaka mingi zinajipenyeza kwenye kuta za mishipa, ukuta unavimba ndani kwa ndani, na siku moja unapasuka, damu inaganda pale pale. Ikitokea kwenye moyo, huo ndio mshtuko wa moyo. Ikitokea kichwani, kiharusi. Na hiyo miaka yote husikii chochote. Hakuna kizunguzungu cha kolesteroli wala maumivu ya kolesteroli. Anayekwambia "nimekunywa hii nikajisikia mwepesi, mafuta yameshuka" hana namna ya kujua bila kupima damu.

Sasa, hivi vidonge vinavyoogopwa vilitoka wapi?

Kulikuwa na mwanasayansi wa Kijapani, Akira Endo, mtoto wa wakulima kutoka Akita, ambaye babu yake alimfundisha mambo ya uyoga na ukungu. Alipoajiriwa na kampuni ya Sankyo mjini Tokyo alianza mwaka 1971 kutafuta ukungu unaoweza kuzuia kimeng'enya ambacho ini hutumia kutengeneza kolesteroli. Aliwaza kwamba kama ukungu ulimpa Alexander Fleming penisilini, huenda mwingine una silaha ya namna hii. Yeye na wenzake walichunguza aina zipatazo 6,000. Walichokitafuta walikipata kwenye ukungu uliotoka kwenye mchele wa duka la nafaka huko Kyoto. Mwaka 1973 wakawa wameitenga dawa ya kwanza ya kundi ambalo leo tunaliita statini. Waliijaribu kwa panya, panya hawakuonesha kitu. Ikabidi wasubiri hadi 1976, Endo alipopata kuku wa majaribio kwa mwenzake, na kwa kuku kolesteroli ikashuka vizuri sana. Bwana Endo alifariki Juni 2024 akiwa na miaka 90.

Kwa hiyo, wazee wangu, statini ya kwanza ilitoka kwenye ukungu wa mchele. Nayo ni ya asili.

Ngoja tuendelee kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye utamu. Wachina kwa karne nyingi wametumia mchele uliochachushwa na ukungu mwekundu, kama chakula na kama dawa. Mwaka 1979 Endo huyo huyo alitoa kwenye ukungu wa aina hiyo kitu alichokiita monakolini K. Upande wa pili wa dunia, kampuni ya Merck ya Marekani ilikuwa imepata dawa yake kutoka ukungu mwingine ikaiita lovastatini. Zilipolinganishwa, ni molekuli ile ile. Lovastatini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, na hadi leo unga wa mchele mwekundu unauzwa kwenye chupa zilizoandikwa "asili, bila kemikali". Aliyekimbia kidonge akanunua chupa ile amenunua dawa ile ile, ila hajui anakunywa kiasi gani.

Kusema hajui kiasi gani si maneno yangu ya kupigia kampuni debe. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima chapa 28 za mchele huo zilizonunuliwa madukani. Mbili hazikuwa na monakolini K kabisa. Kwenye zilizobaki, iliyokuwa nayo nyingi ilizidi iliyokuwa nayo kidogo zaidi ya mara 60. Fikiria muuguzi anakupa sindano halafu anasema, "Inaweza kuwa moja, inaweza kuwa 60, sijui." Ungemtolea mkono?

Na mchele huo ukichachushwa vibaya unaweza kutoa sumu inayoumiza figo. Machi 2024 kampuni ya Kobayashi huko Japani iliondoa sokoni vidonge vyake vya mchele mwekundu, vilivyouzwa kwa wanaotaka kupunguza kolesteroli, baada ya watumiaji kuanza kuugua figo. Mamia walilazwa hospitali. Uchunguzi ulionesha kuwa ukungu mwingine ulikuwa umeingia kiwandani ukatoa sumu yake. Umoja wa Ulaya mwaka 2022 uliweka ukomo: monakolini isifike miligramu 3 kwa siku, na chupa lazima iwe na onyo.

Nimekuja na vitu viwili, nitavipitisha mvishike. Hiki ni kibao cha atorvastatini, mojawapo ya statini. Someni pembeni: jina la dawa, miligramu 20, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na aliyeitengeneza. Hii chupa nyingine aliniachia mteja mmoja. Someni nayo: "Mchanganyiko wa mitishamba 12. Husafisha mishipa, sukari, presha, nguvu za kiume, vidonda vya tumbo." Mitishamba yenyewe haikutajwa hata mmoja. Miligramu hakuna. Ukiambiwa umeze vijiko viwili, vijiko viwili vya nini?

Naona mama pale anatikisa kichwa. Sikusema mitishamba yote haifai. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti. Dawa ya malaria tunayoitumia leo inatokana na mmea wa artemisia, ambao hata hapa Tanzania unalimwa. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti miaka ya 1970, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala tunayo tangu 2002. Mmea unaofanya kazi ukipimwa unaonekana. Sasa tuipime mimea ya jikoni kwetu.

Mwaka 2022 hospitali ya Cleveland Clinic ya Marekani ilitangaza matokeo ya utafiti wa watu 190. Walipewa kwa bahati nasibu ama rosuvastatini miligramu 5, ambayo ni dozi ndogo, ama kidonge kisicho na dawa, ama kimojawapo kati ya mafuta ya samaki, mdalasini, kitunguu saumu, manjano, steroli za mimea na ule mchele mwekundu. Baada ya siku 28, LDL ya waliomeza rosuvastatini ilikuwa imeshuka kwa wastani wa asilimia 38 hivi. Hakuna kilichobaki kilichopita kidonge kisicho na dawa kwa kiasi cha kuhesabika. Waliokunywa kitunguu saumu LDL yao ilipanda kidogo.

Ndiyo, baba, uliza.

Anauliza nani alilipia utafiti. Swali zuri sana, na kila mtu alizoee. Ulilipiwa na AstraZeneca, kampuni iliyoileta rosuvastatini sokoni. Tena siku 28 ni chache. Kwa hiyo msiutegemee huo peke yake. Tuchukue wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa 2007 kwa fedha za serikali ya Marekani. Watu 192 wenye LDL iliyopanda kiasi, miezi 6. Wengine walikula kitunguu saumu kibichi kabisa, kikiwa ndani ya mkate, siku 6 kwa wiki. Wengine vidonge vya kitunguu saumu vya aina mbili. Wengine vidonge bandia. LDL haikushuka kwa kundi lolote. Mimi kitunguu saumu nakipenda kwenye pilau na nitaendelea kukitia. Kwenye LDL hakina kazi.

Mlonge na habasoda mmeniandikia kwenye karatasi. Tafiti zake kwa binadamu ni ndogo na za muda mfupi. Baadhi zinaonesha kushuka kidogo. Kama unakula majani ya mlonge kama mboga, kula. Usiyafanye mbadala wa dawa uliyoandikiwa baada ya mshtuko wa moyo.

Kuna vya asili vinavyofanya kazi, nami nitavitaja kwa furaha. Oti na shayiri zina nyuzinyuzi inayoitwa betaglukani. Gramu 3 zake kwa siku, yaani gramu 75 hivi za oti kavu kwenye uji wako, hushusha LDL kama asilimia 5 au kidogo zaidi. Maharage, choroko na dengu husaidia kwa njia inayofanana. Na kuna la kupunguza, ambalo kwetu Tanga ni zito kulisema: tui la nazi na mafuta ya mawese. Angalieni mafuta ya kukaangia yanayoganda kwenye kikaango asubuhi. Sehemu kubwa ni mafuta yale yale yanayopandisha LDL. Sisemi msipike samaki wa nazi. Lakini wali wa nazi, maharage ya nazi na samaki wa nazi kwenye sinia moja, kila siku, mkipunguza mtaona tofauti kwenye kipimo.

Asilimia 5 ni kitu. Kwa mtu mwenye miaka 35 na LDL iliyopanda kidogo, asiye na kisukari wala presha, asiyevuta sigara, chakula na mazoezi huenda vikatosha. Kwa aliyekwisha pata kiharusi, haitoshi.

Sasa swali la pili, lile la uhai. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi za Skandinavia: wagonjwa 4,444 wenye ugonjwa wa moyo, nusu wakipewa simvastatini na nusu kidonge bandia, wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka 5. Waliokuwa kwenye kidonge bandia walikufa 256. Waliokuwa kwenye simvastatini walikufa 182. Hao ni watu 74 waliorudi kwa wajukuu zao. Nimetafuta chupa ya mitishamba ya kolesteroli yenye hesabu kama hiyo nyuma yake. Sijaiona.

Madhara yapo, siyafichi. Kwa walio karibu na kisukari, statini huweza kuwasogeza kidogo. Mara chache sana misuli huharibika, mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi. Hapo acha dawa na kimbia hospitali siku hiyo hiyo. Mjamzito au anayetarajia mimba amwambie daktari. Na maumivu ya misuli ndiyo malalamiko ninayoyasikia zaidi. Imperial College ya London iliwachukua watu 60 waliokwisha acha statini kwa sababu ya madhara kama hayo. Kwa mwaka mzima waliwapa miezi ya statini, miezi ya kidonge bandia, na miezi ya bila kidonge, wao wasijue kipi ni kipi kati ya vidonge viwili. Asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye statini waliupata pia kwenye kidonge bandia. Usumbufu ulikuwa wa kweli, lakini mwingi haukuletwa na dawa. Nusu yao walirudia dawa baadaye.

Hili linalofuata naomba mlichukue hadi nyumbani. Simvastatini haiendi pamoja na baadhi ya dawa, zikiwemo klarithromaisini, erithromaisini, na zile ARV zenye ritonavir. Zikikutana, statini inajaa kwenye damu. Anayetumia ARV asikatae statini kwa hofu. Aseme tu anatumia nini, ichaguliwe inayofaa. Utafiti mkubwa uliotoka 2023, wenye watu zaidi ya 7,700 wanaoishi na virusi, Uganda ikiwemo, ulionesha kuwa pitavastatini iliwapunguzia matatizo ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Na unapokwenda kliniki beba kila unachomeza, mitishamba pia. Hakuna atakayekugombeza. Akikugombeza, njoo kwangu.

Bibi anauliza: kipimo kikishashuka, aache? Hapana, bibi yangu. Ukiacha, baada ya wiki chache kinarudi kilikokuwa. Ukianza dawa, pima tena kati ya wiki 4 na 12, tuone kama dozi inatosha.

La mwisho, mzee wa nyuma. Umesikia matunda yanagombana na dawa, na wewe shamba lako liko Muheza. Machungwa matamu kula, hayana neno. Ni balungi, na danzi pia, vinavyozuia simvastatini na atorvastatini zisivunjwe mwilini, zikazidi. Kama balungi ndilo tunda lako la kila asubuhi, mwambie daktari akuandikie rosuvastatini. Hiyo haina ugomvi nalo.