Leseni ya biashara Uganda kwa Mkenya: kuipata na kuifanya upya

Karibuni, hapa ni Busia, upande wetu wa Kenya, na hii ndiyo video mmekuwa mkiniulizia: nataka kufungua duka ng'ambo, nianzie wapi? Kitambulisho kinakuvusha mpaka tu. Duka lina karatasi zake.

Jina la biashara linasajiliwa URSB, ofisi ya usajili ya Uganda. Fomu yenyewe inakuongoza, tusonge. Kibali cha kazi, Mkenya halipii ada, lakini usisikie "bure" ukadhani hakihitajiki. Unakiomba mtandaoni kwa Uhamiaji wa Uganda, na mwenye biashara yake anachagua daraja D.

Sasa TIN, namba ya ushuru ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Hiyo si PIN ya KRA, ya kwetu Kenya. Narudia, SI PIN ya KRA! Ukiona inaanza na herufi A, umebeba ya nyumbani. TIN ni tarakimu 10 tupu. Na kwenye fomu ya TIN, jina liandike vile lilivyo kwenye cheti cha URSB, mpangilio ule ule. Kama cheti kimeanza na jina la baba, hata hapa anza na la baba. Usiache jina moja eti ni refu.

Ngoja kidogo... mnaona? Simu imejirukia mtandao wa ng'ambo, na ujumbe wa kuthibitisha haufiki. Ndiyo Busia hiyo. Ingia kwenye mipangilio, uchague mtandao wako mwenyewe. Haya, umeingia.

Ukishapata TIN, nenda ukaombe leseni yenyewe, ofisi ya biashara ya manispaa ya Busia, Uganda. Ada inategemea aina ya biashara na daraja la eneo, kwa hivyo usikubali kutajiwa bei na mtu wa barabarani. Maduka mawili, leseni mbili. Ndiyo, hata kama yanatazamana.

Wakishakukadiria unapewa PRN, namba ya malipo. Simamisha video hapa! Kabla hujatoa hata senti, soma nami: jina, TIN, ofisi inayopokea, kiasi. Ngoja niikuze picha... hapo, ofisi inayopokea. Kuna wilaya ya Busia na kuna manispaa ya Busia. Mteja wangu muuza viatu alilipa kwa haraka, akalipa wilaya badala ya manispaa. Risiti anayo, leseni hana. Soma tena. Kiasi ni cha shilingi za Uganda, kwa hivyo hizo sufuri zisikushtue. Na PRN ina muda wake. Ikipitwa, omba nyingine.

Unalipa benki au kwa simu, MTN au Airtel. Mimi napenda benki, nipate muhuri wangu. Niiteni mshamba, sawa tu.

Leseni itundike mahali askari wa manispaa ataiona akiwa mlangoni, si kwenye droo chini ya daftari la madeni.

Kuifanya upya: inadumu miezi 12 tangu tarehe ya kutolewa, haingoji Desemba. Aliyeichukua Agosti aanze kujipanga Julai. Beba ile ya zamani na TIN yako, ukadiriwe tena, upewe PRN mpya. PRN ya mwaka jana usiiguse. Kama umehama duka au umeongeza aina ya biashara, waambie KABLA hawajakukadiria, kwa sababu karatasi ikishachapishwa unaanza foleni upya.

Wa kujaziwa fomu na kuchapishiwa, saiba yangu iko karibu na stendi. Ukija asubuhi nakutoza bei ya kawaida. Ukija saa kumi na moja jioni na leseni inaisha kesho, nakutoza na hasira.