Mshirika Akifunga Virago

Mabibi na mabwana, foleni ya Thika Road imetuchelewesha sote, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye hoja: tumtegemee mshirika wa kijeshi wa kigeni kiasi gani?

Januari 1964 Kenya ilikuwa na uhuru wa wiki sita tu. Tarehe 20 askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Tarehe 24 moto ukafika Lanet, kule Nakuru. Serikali zote mbili ziliwaita Waingereza, na maasi yakazimwa upesi. Hapo ndipo njia zilipoachana. Nyerere, aliyeona fedheha kumwita mkoloni wa jana aje kumwokoa, alilivunja jeshi zima. Wanajeshi wa Nigeria wakashika lindo kwa muda, na Septemba jeshi jipya likaundwa. Sisi tuliwekeana mikataba na London, na wanajeshi wao wapo Nanyuki mpaka leo.

Sisemi Kenyatta alikosea. Kaskazini mashariki kulikuwa kunawaka na jeshi letu lilikuwa changa. Ninachouliza ni hiki: baada ya miaka sitini, mshirika akifunga virago kesho, kipi kitaendelea kufanya kazi?

Mwaka 2021, Marekani ilipoondoka Afghanistan, dunia ilitazama umati kwenye uwanja wa ndege wa Kabul. Mimi natazama karakana. Marubani Waafghani walikuwepo, ndege zilikuwepo. Walioondoka ni mafundi wa kampuni za kigeni, na bila wao ndege zikaanza kukaa chini, hii leo, ile kesho, kwa kukosa matengenezo. Machi 2025 Marekani iliisitishia Ukraine taarifa za kijasusi kwa siku kadhaa. Risasi utanunua kwa mwingine. Macho ya setilaiti hayauzwi soko la Gikomba.

Najua vijana hapa watasema, basi wafukuzwe! Ufilipino ilijaribu. Mwaka 1991 Seneti ilikataa mkataba mpya wa kambi za Marekani kwa kura 12 dhidi ya 11, na mwaka uliofuata Wamarekani wakaondoka kambi ya Subic. Mwaka 1995 China ikajijengea Mischief Reef, mwamba wa baharini ambao Ufilipino inadai ni wake, na kufikia 1998 Manila ilikuwa inatia saini ya kuwaruhusu wanajeshi wa Marekani warudi kwa mazoezi.

Kumkaribisha nako kuna bei yake. Al-Shabaab waliposhambulia kambi ya Manda Bay, Lamu, Januari 2020, waliouawa walikuwa Wamarekani watatu, lakini vita vilikuwa Lamu, si Washington. Adui yule ni wetu pia, sikatai.

Kwa hiyo mimi ni wa kubaki na mshirika, ila kwa masharti. Mkataba wa ulinzi ukifika tena Bungeni, kamati ya ulinzi isianze na idadi ya magari ya kivita tunayopewa. Iulize vipuri viko mikononi mwa nani, fundi Mkenya anaruhusiwa kufungua injini gani, na mwananchi akiuawa na askari mgeni, kesi itasikilizwa wapi. Hilo la mwisho wakazi wa Nanyuki wameliuliza kwa miaka.

Haya, maswali. Tuanze na mama yule wa nyuma, ameinua mkono tangu nilipotaja Manda.