Chumba cha Kumi kwa Kumi Ndani ya Katoni: Nyumba ya Mwanasesere ya Kinairobi

Haya, karibu mezani. Hii unayoiona mbele yangu ni katoni ya mafuta ya kupikia niliyopewa dukani bure, na kabla hatujaachana itakuwa chumba cha kupanga cha huku kwetu Nairobi, futi kumi kwa kumi, chenye kochi, kitanda, pazia la katikati na jiko la makaa lenye moto.

Nyumba za wanasesere mnazonitumia picha zake karibu zote ni za aina moja: ghorofa mbili, paa la kuchongoka, bomba la moshi, bafu lenye sinki la dhahabu. Ni nzuri, sikatai. Lakini hujawahi kulala humo, na mkono hauwezi kutengeneza vizuri kitu ambacho jicho halijakizoea. Mimi nakushauri utengeneze nyumba ambayo stima ikipotea unaweza kutembea ndani yake gizani usijigonge.

Tuanze na kipimo, maana hapo ndipo watu huharibu. Tunatumia moja kwa kumi na mbili. Usiogope hesabu. Futi moja ina inchi 12, kwa hiyo kila futi ya nyumba ya kweli inageuka inchi moja ya nyumba yetu. Na bahati yetu ni kwamba vyumba na vitanda bado tunavitaja kwa futi. Chumba cha kumi kwa kumi kinakuwa inchi 10 kwa inchi 10. Kitanda cha nne kwa sita kinakuwa inchi 4 kwa inchi 6. Mlango wa futi 7, inchi 7. Fundi wa vitanda wa Gikomba akikutajia vipimo vyake, tayari amekutajia na vya mwanasesere. Na kipimo hiki hiki ndicho walichotumia Uingereza kujengea nyumba ya mwanasesere ya Malkia Mary, iliyokamilika mwaka 1924 na ambayo iko Windsor mpaka leo, yenye maji ya bomba na taa zinazowaka kweli. Wao walikuwa na Edwin Lutyens, msanifu majengo mkubwa wa enzi yake. Sisi tuna katoni ya mafuta.

Mimi mara ya kwanza nilikisia kwa jicho. Nikachukua kile kikopo cha alumini cha mshumaa mdogo, nikasema, sufuria si hii hapa! Kikopo kile kina upana wa karibu sentimita 4. Zidisha mara 12 uone: karibu nusu mita. Nilikuwa nimeweka sufuria ya kupikia pilau ya harusi juu ya jiko la mtu mmoja. Tangu siku hiyo rula haitoki mezani.

Sasa kuta. Kata vipande vitatu vya katoni, kila kimoja inchi 10 kwa 8, na sakafu ya inchi 10 kwa 10. Upande wa mbele tunauacha wazi ili mkono uingie. Kwa mabati ya nje, tazama ninavyofanya. Nalowesha sponji, naikamua, napitisha juu ya karatasi ya katoni, nasubiri dakika moja hivi. Nashika pembe... naivuta polepole... imetoka. Umeyaona hayo mawimbi ya ndani? Hayo ndiyo mabati yetu. Mabati ya kweli, kutoka wimbi hadi wimbi ni karibu sentimita 7 na nusu. Gawa kwa 12 upate kama milimita 6. Pima katoni ya kawaida: milimita 6 hadi 8. Huhitaji kununua chochote. Hakikisha tu mawimbi yamesimama wima kabla hujakata, kwa sababu hakuna anayepiga mabati ya ukuta yakiwa yamelala.

Yakikauka, paka rangi ya fedha, mkono mmoja mwembamba. Kutu tunaiweka kwa kahawa ya unga iliyokorogwa na tone la gundi nyeupe na maji kidogo. Gusagusa kwa brashi iliyokaribia kukauka, chini karibu na ardhi na pale misumari inapopita. Usipake kila mahali. Bati huanza kuoza chini, kunakorukiwa na maji ya mvua.

Ndani naweka kitambaa cheupe chepesi cha pazia, nakining'iniza ukuta mzima kuziba mabati, kama tunavyofanya wenyewe. Sakafuni, kipande cha mfuko wa plastiki wenye miraba ndiyo tandiko letu. Hapo siongezi neno, utaona mwenyewe inavyokaa.

Kochi sasa. Hapa tutakaa kidogo.

Kochi la watu wawili, kwa futi zetu, lina upana wa nne na nusu. Kwa hiyo sisi inchi 4 na nusu. Kikalio: gundisha vipande vya katoni vya inchi 3 na nusu kwa 2, kimoja juu ya kingine, mpaka upate unene wa inchi 1. Mikono miwili, kila mmoja unene wa nusu inchi na urefu wa inchi 2 kwenda juu. Mgongo, upana wa inchi 3 na nusu, kimo cha inchi 3. Juu ya kikalio, sponji ya kuoshea vyombo, mpya tafadhali, iliyokatwa unene wa nusu inchi.

Wanaoanza hugundisha vipande vyote, kochi likasimama, ndipo wanaanza kulivisha kitambaa. Hutafika. Kidole hakiingii kwenye kona. Visha kila kipande peke yake kwanza, kisha ndipo uviunge. Kitambaa kikaze, kunja pembe kama unavyokunja shuka chini ya godoro, na mikunjo yote iende upande ambao hautaonekana. Nimevisha mkono mmoja, nimevisha wa pili, sasa naunga kwa gundi ya mbao na kubana kwa vibanio vya nguo. Uache hadi asubuhi. Ile gundi ya moto ya bunduki mimi siitumii kwenye samani ndogo, inaacha vidonge na nyuzinyuzi, na kochi linaonekana kama lilipata homa.

Kuhusu kitambaa chenyewe: nunua shati la mtumba la pamba nyembamba. Angalia maua yake. Ua la sentimita 3 kwenye shati, ndani ya chumba chetu ni ua la sentimita 36, linafunika mtu kifua kizima. Tafuta maua madogo kama punje ya ndengu, au mistari myembamba. Ndiyo maana pia usikate leso halisi ukaifanya pazia, hata kama umepita Biashara Street ukaipenda vipi. Ukitaka leso ndani ya nyumba, ichore: kitambaa cheupe cha sentimita 12 na nusu kwa 9, pindo pande zote nne, mji (ule mchoro wa kati) katikati, na jina chini kwa kalamu yenye ncha nyembamba kabisa. Mimi hii yangu nimeandika "Usisafirie nyota ya mwenzio". Imenichukua jioni nzima na miwani miwili.

Na kochi la Nairobi bila vitambaa ni la nani? Vile vyeupe vya kufuma, vinavyolazwa mgongoni na kwenye mikono, mgeni akikaa vinateleza, mama anavinyoosha. Kama unajua kufuma, tumia uzi wa kawaida wa cherehani badala ya sufu, na ile sindano ya kulabu iliyo ndogo kuliko zote. Kama hujui, kata ua moja kutoka kwenye lesi ya pindo la gauni la ndani. Lichovye kwenye gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, gundi kijiko kimoja maji viwili. Lilaze mgongoni mwa kochi, ncha moja ielekee chini kama pembe ya almasi, ulibonyeze lishike umbo. Tazama kwa karibu, nasogeza kamera. Umeona ncha inavyolala? Bila ile gundi ingesimama juu kama sikio la sungura. Kitambaa cha kweli kina uzito wa kukivuta chini, hiki kidogo hakina, ndiyo maana tunakidanganya.

Pazia la katikati linadanganywa vivyo hivyo. Kata kitambaa chenye upana mara mbili ya nafasi yake, kiloweshe kwa maji hayo ya gundi, kipange mikunjo juu ya kipande cha sponji na ukishikilie kwa pini mpaka kikauke. Kisha kipitishe kwenye kijiti cha mishikaki, ukutani hadi ukutani. Huku sebule, kule chumba cha kulala. Nyumba imeshakuwa na vyumba viwili.

Jiko. Hili ndilo nililokuwa nalingoja.

Jiko letu lenye kiuno, lile la bati lenye udongo ndani lililoenea miaka ya 1980, ni vikombe viwili vilivyogeuziana makalio. Chukua manila na bikari. Fungua bikari sentimita 3.2 uchore tao, na kwenye kitovu hicho hicho ifungue sentimita 2.2 uchore tao lingine. Kata zaidi kidogo ya theluthi ya duara. Ukiikunja unapata kikombe kisicho na kitako, kipana juu, chembamba chini. Tengeneza kingine, uviunge kwa upande mwembamba, na hapo kiuno kimetokea. Kwenye kikombe cha chini kata kimlango cha majivu. Paka rangi ya fedha, kisha ulipake masizi kwa kidole. Nenda Kamukunji siku moja ukatazame mafundi wa jua kali wakiyafanya ya kweli, utajua hata mshono wa bati unapaswa kukaa wapi.

Udongo wa ndani tunaupika wenyewe. Kikombe kimoja cha wanga mweupe wa mahindi, ule laini wa kufanya mchuzi uwe mzito, si unga wa ugali. Kikombe kimoja cha gundi nyeupe. Vijiko viwili vya mafuta, viwili vya siki. Sufuria ya zamani, moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka ujikusanye kama donge la chapati na uache kushika pembeni. Epua, kanda ukiwa na joto, fungia kwenye plastiki. Ukikauka husinyaa kidogo na rangi hukolea, kwa hiyo anza na rangi hafifu kuliko unayoitaka. Wa jiko, tia rangi ya matofali. Utandaze ndani ya kikombe cha juu, toboa matundu chini kwa kijiti cha meno.

Makaa ni makaa. Chukua kipande kimoja cha kweli ukiponde.

Moto unatoka Luthuli Avenue, kwenye maduka ya vifaa vya umeme: taa ndogo nyekundu ya LED na betri ya kifungo ya volti 3. Mguu mrefu wa taa upande wa jumlisha, mguu mfupi upande wa pili, taa ikae chini ya makaa. Lakini hapa nisikilize vizuri. Betri hizi mtoto akimeza zinamchoma koo ndani ya saa chache. Ifungie kwenye kiboksi cha skrubu nyuma ya ukuta, na kama nyumbani kuna mtoto anayeweka kila kitu mdomoni, acha kabisa, paka makaa rangi ya chungwa yaishe.

Sufuria: kata duara kutoka kwenye trei ya alumini ya chakula, likandamize kuzunguka kitako cha betri ya rimoti ya televisheni, ile nene ya AA. Inakupa sufuria ya sentimita 17 za kweli, ya chai ya watu wawili. Lainisha makunyanzi kwa mgongo wa kijiko, kunja mdomo kwenda nje, na usiweke mikono, sufuria zetu hazina mikono. Udongo uliobaki, tengeneza chapati za sentimita 2, madoa ya kahawia kwa kahawa na ncha ya kidole. Zikikauka zipake vanishi. Zangu za kwanza niliziacha bila vanishi juu ya friji, mende wakazitafuna kingo zote. Nilizichukulia kama sifa.

Kitanda ni vijiti vya aiskrimu na sponji ya inchi 4 kwa 6, hata mtoto wa darasa la tatu ataweza. Kalenda ukutani. Mtungi wa njano wa maji, sentimita 3 kimo, kando ya mlango.

Nilipomaliza nilimwita Mama aje aone. Akainama, akachungulia nyuma ya pazia kwa muda mrefu, akauliza, "Na nguo zao wanaweka wapi?" Nikamwonyesha msumari mlangoni. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, kitanda kiko chini. Kiinue."

Kwa hiyo hatua ya mwisho, ambayo mimi sikuipanga: mawe manne ya udongo, kila upande nusu inchi, moja chini ya kila mguu wa kitanda. Chini yake sasa linaingia sanduku la bati la shule, ndoo na viatu. Hivi. Nazima taa ya mezani... nawasha jiko.